Kuamuru na Kuomba kwa Kiingereza

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liwasumbualo hata watu waliosoma Kiingereza miaka mingi, nalo ni namna ya kumwambia mtu afanye kitu. Mtu aweza kujua maneno mengi sana ya Kiingereza, akayaandika yote pasipo kosa, kisha akaonekana mjeuri kila afunguapo kinywa kuomba kalamu. Wala hana ujeuri. Ameichukua adabu ya lugha moja, akaivika nguo za lugha nyingine, nazo hazikumwenea.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nalipokuwa kijana katika chuo cha ualimu, Mkuu wa chuo, naye ni Mwingereza, alinikuta barazani jioni moja akaniambia kwa sauti ya upole, “You might tidy the book store before supper.” Nalijua kila neno katika maneno yale. “Tidy” ni kupanga vitu vikae vizuri. “Book store” ni ghala ya vitabu. “Before supper” ni kabla ya chakula cha jioni. Na “might”? Nalifundishwa ya kuwa maana yake ni “huenda”. Basi nikafahamu kwamba Mkuu ananiambia huenda nikapanga ghala ya vitabu, na huenda nisiipange. Nikamshukuru, nikaenda zangu kucheza mpira.

Baada ya chakula naliitwa ofisini. Aliniuliza kwa nini sikufanya kama alivyoniambia. Nikamjibu kwa moyo mnyofu kwamba hakuniambia nifanye, ila alisema huenda nikafanya. Alinitazama kitambo kirefu bila kunena, maana alidhani namfanyia mzaha. Nikapewa adhabu ya kuisafisha ghala ile juma zima, sakafu na rafu zote, na kila jioni nilipokuwa nikipangusa vumbi nalijiuliza: kama alitaka nipange vitabu, mbona hakusema, “Panga vitabu”?

Itanipasa kwanza niitazame lugha yetu wenyewe. Kitendo cha Kiswahili hubeba adabu ndani ya mwili wake. Nikimwambia mtoto, “Fungua mlango,” nimeamuru. Nikisema, “Ufungue mlango,” irabu ya mwisho imegeuka, na kiungo kimoja kimeingia mwanzoni, na ile amri imekwisha kulainika. Nikisema, “Unifungulie mlango,” imelainika zaidi. Tena tunayo maneno madogo ya kupooza ukali: “hebu”, “basi”, “kidogo”. Mtu husema, “Nipe maji kidogo,” hali ana kiu ya kumaliza mtungi. Na juu ya yote tunalo jina la kumwita mtu: Baba, Mama, Mzee, Bibi, Shangazi, Mwalimu, Ndugu. “Mama, nipe maji” na “Nipe maji” si maneno mamoja, ingawa kitendo ni kile kile.

Sasa tazameni Kiingereza. Kitendo chake cha kuamuru hakigeuki kabisa. “Open the door,” yaani fungua mlango, huambiwa mtoto, huambiwa mzee, huambiwa mtu mmoja na watu mia. Hakuna “fungueni”, wala hakuna “ufungue”. Zamani Waingereza walikuwa na neno la mtu mmoja, “thou”, na neno la watu wengi, “you”. Nao walipotaka kumstahi mtu mmoja walimwita kwa neno la wengi, kama wafanyavyo Wafaransa hata leo. Desturi hiyo ikakua, na mwishowe “you” likalimeza “thou”. Katika karne ya 17 walitokea Waingereza wa dhehebu la Marafiki, waitwao Quakers, wakaona kwamba kumwita bwana mkubwa kwa neno la wengi ni kumtukuza mwanadamu kupita kiasi, basi wakamwambia kila mtu “thou”, hata mahakimu. Wakubwa waliudhika sana. (Wafuasi wa dhehebu hilo kutoka Marekani ndio walioanza misheni ya Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902.) Lakini neno lenyewe likafa katika mazungumzo ya kila siku, isipokuwa katika sala na mashairi na katika lugha za vijiji vichache vya Uingereza. Sasa kila mtu ni “you”, mfalme na mchunga kondoo.

Wakristo miongoni mwenu watafahamu upesi nikiwakumbusha Sala ya Bwana. Kwa Kiswahili twasema “utupe” na “utusamehe”, maneno yenye unyenyekevu ndani yake. Kiingereza chasema “give” na “forgive”, maneno matupu, yale yale ambayo mtu angeliweza kumwambia mtumishi wake. Je, Waingereza hawamchi Mungu? Wamcha. Lakini uchaji wao haumo katika “give”, kwa kuwa kitendo hicho hakina mahali pa kuutia. Umo katika jina walilotangulia kulitaja, na katika sauti, na katika kupiga magoti.

Basi hapo ndipo penye siri ya jambo letu. Kwa kuwa kitendo cha Kiingereza ki uchi, adabu haina budi kuzungushwa nje yake, kama uzingo wa boma, na anayejifunza kitendo peke yake amejifunza nyumba isiyo na ua.

Msidhani kwamba amri tupu ni mbaya siku zote. Yapo mahali pengi ambapo ndiyo ifaayo. Askari katika gwaride huambiwa, “Halt!” yaani simama, wala hakuna anayewabembeleza. Kibao cha barabarani husema “STOP” au “KEEP LEFT”. Kitabu cha mapishi husema, “Take two eggs,” chukua mayai mawili, na hakuna mpishi aliyeudhika kwa kuamriwa na kitabu. Kitabu cha hesabu husema, “Add”, jumlisha. Na kama nyoka yu karibu na mguu wa mwenzako, mpigie kelele, “Look out!” yaani jihadhari, kwa maana ukianza kutafuta maneno ya adabu atakuwa amekwisha kuumwa.

Tena lipo jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita upesi, nami naliona ni kubwa kuliko kanuni nyingi. Amri tupu ya Kiingereza huwa tamu pale faida inapomwendea yule anayeambiwa. Mwingereza akikukaribisha nyumbani kwake husema, “Come in,” ingia. “Have some more tea,” ongeza chai. “Take the big chair,” kalia kiti kile kikubwa. Zote ni amri, wala hatii “please”, na bado ni ukarimu mtupu. Akizidi kukukirimu hutanguliza neno “do”: “Do sit down.” Naliwahi kuwaona vijana wakishtuka kwa neno hilo, wakidhani wanakemewa, kumbe maana yake ni kama kusema, “Aa, keti bwana, karibu sana!” Nasi tu vivyo hivyo: tukimwambia mgeni, “Kula! Kula!” hatumwamuru, twamkirimu. Lakini faida ikigeuka ikamwendea msemaji, amri ile ile huwa nzito. “Take the big chair” ni fadhili. “Give me the big chair,” nipe kiti kile kikubwa, ni kumnyang’anya mtu. Kabla ya kufungua kinywa, jiulize: nani atafaidika? Ukiona ni wewe, zungushia ua.

Kipande cha kwanza cha ua ni “please”. Neno hilo limetokana na maneno ya kale yaliyokuwa na maana ya “ikikupendeza”. “Tafadhali” yetu imetoka katika Kiarabu, nayo ni ndugu ya “fadhili”. Tena kwa Kiarabu yenyewe ni neno la kuamuru, ndiyo maana twaweza kuwaambia wengi “tafadhalini”. Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa wakiisha kutia “please” wamemaliza kazi. Hawajamaliza. “Please” yatosha kwa mambo madogo ambayo mtu ameyatazamia: mezani, “Pass the salt, please,” nipitishie chumvi, posta, “Two stamps, please,” stempu mbili. Lakini ukimwambia mtu, “Give me your bicycle, please,” hiyo ni amri ile ile, imevaa kofia tu. Baiskeli ni kitu kikubwa, nacho chataka maneno makubwa zaidi.

Kipande cha pili ni kuuliza. Mwingereza huigeuza amri yake iwe swali: “Will you…?” “Can you…?” Kwa namna hiyo humwachia mwenzake mlango wa kutokea, ili akikataa asione haya. Hapo ndipo walipoanguka wengi. Nalipokuwa nikifundisha darasa la kwanza la chuo nalimwambia mwanafunzi mmoja, “Can you open the window?” Akasimama wima, akajibu kwa sauti kubwa, “Yes, sir, I can,” akaketi. Dirisha likabaki limefungwa. Alikuwa amejibu swali vizuri sana, bali halikuwa swali. Lilikuwa ombi la kufungua dirisha.

Kipande cha tatu ndicho kigumu, nacho ni kurudi nyuma katika wakati. “Can” huwa “could”; “will” huwa “would”; “may” huwa “might”. (Mkitamka, ile herufi “l” katika “could” na “would” haisikiki hata kidogo, semeni “kud” na “wud”.) Katika sarufi hayo ni maneno ya wakati uliopita, na mwanafunzi huuliza: mbona mtu anayeomba maji sasa anasema kana kwamba ni jana? Nami humwuliza, mbona wewe ukimwendea mjomba wako kwa haja husema, “Mjomba, nalikuwa na neno nataka kukuambia”? Neno ulilokuwa nalo bado unalo, nalo li ulimini. Umerudi nyuma tu kwa adabu. Mgeni mwenye malezi akiisha kupiga hodi hurudi hatua moja, asisimame pua mlangoni kama mdai. “Could” na “would” ni hatua hiyo moja. “Could you lend me your bicycle?” Hapo umepiga hodi, ukarudi nyuma, ukangoja.

Sasa nafahamu na maneno ya Mkuu wangu. Aliposema “You might” alikuwa amerudi hatua moja, kwa kuwa si vema mkubwa kumsimamia kijana mlangoni. Mimi nalimwona anarudi, nikadhani ameondoka.

Yako na maneno mengine ya namna hiyo, na aliye kazini na Waingereza hana budi kuyajua, maana kadiri amri inavyotoka juu ndivyo inavyoweza kuvaa nguo laini. “Perhaps you would look at this again,” labda ungetazama hii tena, maana yake mara nyingi ni: umekosea, fanya upya. “I wonder if you could come a little earlier,” najiuliza kama ungeweza kuja mapema kidogo, maana yake ni: umechelewa, usirudie. Hayo si maswali ya kujibiwa kwa kufikiri.

Katika yote hakuna lililo na mtego kama “Would you mind”. Neno “mind” hapa ni kuona vibaya, au kuudhika. “Would you mind opening the window?” maana yake ni, “Je, utaona vibaya kufungua dirisha?” Basi mtu mwema akisikia ombi huitika “Yes!” kwa furaha, kama vile sisi tusemavyo “Ndiyo!” au “Haya!” Kumbe amesema: Ndiyo, nitaona vibaya. Amekataa huku akitabasamu. Jibu la kukubali ni “No”, au lililo zuri zaidi, “Not at all”, yaani hata kidogo. Ndugu yake ni “Won’t you sit down?” Ukiifasiri neno kwa neno ni “Hutaketi?” na Mswahili aliyechoka kwa safari aweza kujibu “No”, akidhani anasema, “La, si hivyo, nitaketi.” Mwenyeji atamwacha amesimama. Yafaa kusema “Thank you”, kisha uketi.

Sasa nitaje haraka makosa machache yatokayo moja kwa moja katika Kiswahili chetu. “Naomba” kwetu ni neno la heshima, lakini “I beg” kwa Kiingereza cha leo lafanana na mtu aliyekaa njiani na kibakuli. Semeni “May I have” au “Could I have”. “Nataka” dukani kwetu haimwudhi mtu, lakini “I want” ni kauli ya mtoto anayelia. Semeni “I should like”. “Niazime” na “naazima” kwetu ni shina moja, lakini Kiingereza kina “lend” kwa anayetoa na “borrow” kwa anayepokea; basi “Borrow me your pen” ni kosa, ingawa nalisikia kila siku. Na “kindly”, neno tulipendalo sana katika barua zetu za Afrika ya Mashariki, mimi silikatazi tukiandikiana sisi kwa sisi, lakini mjue ya kuwa huko Uingereza mara nyingi hufanana na tangazo la ukutani au na mtu aliyekwisha kukasirika.

Tusidhani kwamba jambo hili ni aibu yetu peke yetu. Zamani za ukoloni, wengi katika walowezi na maofisa walijifunza Kiswahili cha jikoni na cha shambani: “lete”, “toa”, “ngoja”, “upesi”. Hawakujifunza “ulete”, wala “naomba”. Wengine katika hao walikuwa wajeuri kweli kweli. Wengine walikuwa watu wapole, waliojua sana kusema “Would you mind” kwa jirani zao, lakini Kiswahili walichokuwa nacho kilikuwa na amri tu ndani yake. Wazee wetu waliowasikia waliwezaje kujua yupi ni yupi? Kila mmoja alisema “Lete!” Na Mwingereza anayetusikia sisi tukisema “Give me” na “I want” yumo katika giza lile lile.

Na giza hilo laweza kumpunguzia mtu riziki. Kijana mmoja niliyemfundisha alisikia ya kuwa yatakiwa karani mahali fulani, akapeleka barua kwa Kiingereza. Miezi mitatu ikapita bila jibu. Akaniletea nakala yake niitazame. Barua ilianza kama zianzavyo barua njema za kwetu: salamu, habari za afya, habari za mvua na mavuno, dua ya kumwombea msomaji na jamaa zake. Ukurasa mzima ukaisha. Kisha ikaja haja yenyewe kwa maneno haya: “I want the work of clerk. Send me the answer quickly. Do not delay.” Alikuwa amefasiri kwa uaminifu: nataka kazi ya ukarani, niletee majibu upesi, usikawie. Kwetu “usikawie kunijibu” ni neno la mapenzi. Mama humwandikia mwanawe. Na adabu yote aliyokuwa nayo aliiweka katika salamu, kama tuiwekavyo sote. Lakini msomaji wa Kiingereza hurukia haja kwanza, na adabu huitafuta hapo hapo penye haja. Akakuta amri tatu.

Tuliketi tukaiandika upya. Salamu tuliziondoa zote, jambo lililomwumiza sana, aliniuliza, “Mwalimu, nitaingiaje nyumbani kwa mtu bila kumwamkia?” Nikamwambia “Dear Sir” ndiyo maamkizi yao, nayo yatosha. Kisha: “I should be grateful if you would consider me for the post of clerk.” Yaani, ningelishukuru kama ungelinifikiria kwa kazi ya ukarani. Angalieni “should” na “would”, hatua mbili za kurudi nyuma katika mstari mmoja. Kisha: “I could come on any day convenient to you.” Ningeliweza kuja siku yoyote ikufaayo. Na mahali pa “Send me the answer quickly” tuliandika, “I look forward to hearing from you.” Natazamia kupata habari zako. Maana ni ile ile, niletee majibu. Lakini kitendo cha kuamuru hakimo tena katika barua.

Safari hii jibu lilikuja, katika juma la pili. Lilisema ya kuwa wanasikitika, nafasi ile ilikwisha kujazwa mwezi uliotangulia. Kijana alinionyesha barua ile akiwa ameikunja vizuri katika bahasha yake. Sikuwa na la kumwambia. Akaniomba karatasi nyingine, akaandika mahali pengine.

Kwa juma lijalo nataka kila mmoja wenu achukue kalamu, aandike maombi matano aliyoyafanya kwa Kiswahili siku hiyo, kwa mwenye duka, kwa jirani, kwa mkubwa wake, kisha ayageuze kwa Kiingereza, na kando ya kila moja aandike ni nani aliyefaidika. Wakati wangu umekwisha, nami naona mtu wa mitambo ananipungia mkono nyuma ya kioo. Akiniambia, “Would you mind stopping now?” nitamjibu, “Not at all.” Kwaherini.